Karatasi Kwenye Usukani

Mimi naitwa Recheli. Ninafundisha darasa la pili, kwa hiyo nimezoea sentensi fupi. Nikiongea sana watoto wangu wanasinzia. Mume wangu Gerson anadai hata yeye anasinzia. Haya, leo nitamsema yeye, tuone kama atasinzia.

Gerson ni fundi seremala. Karakana yake iko Ng'ambo, Tabora mjini. Anatengeneza milango, vitanda na makabati. Lakini sisi tunakaa kijijini, kwenye barabara ya vumbi inayokwenda Goweko. Shule yangu iko huku, na shamba letu liko huku. Kwa hiyo kila siku ya kazi Gerson anaendesha pikapu yake kwenda mjini, saa nzima. Jioni anarudi, saa nzima nyingine. Mvua ikinyesha, ongeza nusu saa na manung'uniko.

Asubuhi zake zilikuwa hivi.

"Mama Debora, ufunguo wa gari uko wapi?"

"Ulipouweka jana."

"Nimeuweka wapi?"

"Baba Debora, nina watoto sabini darasani. Siwezi kutunza na funguo zako."

Hapo amechelewa tayari. Anapakia mbao mbio mbio. Kioo cha mbele kina tope la jana, anakipangusa kwa mkono wa shati. Chai inabaki mezani. Mkanda wa gari hafungi. Anapiga honi kwa mbuzi wa jirani, anaondoka na vumbi lake.

Jioni anarudi amekunja uso. Debora, binti yetu, anamwamkia. "Shikamoo baba." Anajibu "Marahaba" huku akimpita. Anakaa kwenye kiti kama gunia la pumba. Nikimuuliza habari za kazi, anasema, "Kazi si mbaya. Barabara ndiyo inaniua."

Zamani hakuwa hivyo, jamani. Mimi na Gerson tulikutana kwenye kwaya, katika kanisa letu la Moravian. Mimi naimba sauti ya kwanza, yeye anaimba besi. Wakati wa mazoezi alisimama nyuma yangu. Kabla sijamjua kwa sura nilimjua kwa sauti. Tulipooana tuliendelea kuimba, hata tukiwa tunapalilia mahindi. Kisha akapata karakana mjini, na nyimbo zikaisha nyumbani kwetu. Nilikuwa naye kila siku, lakini nilimkumbuka kana kwamba amesafiri.

Mwaka jana, mwezi wa sita, mama yake aliugua. Mama mkwe wangu aliimba alto kwenye kwaya hiyo hiyo kwa miaka thelathini na moja. Asubuhi moja Gerson alimuaga akaenda kazini. Saa nne nikampigia simu. Nilisema neno moja tu, "Rudi." Alirudi mbio. Alipofika, mama alikuwa amekata roho robo saa iliyopita.

Tangu siku hiyo aliichukia ile barabara. "Hii ndiyo iliyoninyima mama yangu," alisema. Kila asubuhi na kila jioni alipita juu yake akiwa na uchungu huo.

Kulikuwa na jambo lingine lililomkaa moyoni. Sisi Wamoravian, asubuhi ya Pasaka, huwa tunakwenda makaburini kabla jua halijachomoza. Matarumbeta yanatangulia. Tunasimama katikati ya wapendwa wetu waliolala, kwaya inaimba, tunalingoja jua. Wiki moja kabla ya kufa, mama mkwe alimshika mwanawe mkono. Alisema, "Gerson, Pasaka uje uniimbie. Alto yangu naondoka nayo. Wewe niletee besi."

Gerson alisema, "Nitakuja, mama." Ahadi kwa mama aliyelala kitandani si kitu cha kuchezea.

Mwaka huu, mwezi wa pili, mwalimu wetu wa kwaya, Mwalimu Zablon, alileta wimbo mpya wa Pasaka. Ameutunga mwenyewe. Unaanza hivi: "Mliolala, kumekucha." Ni mzuri, lakini mgumu! Ubeti wa nne ni wa besi peke yao. Sisi wengine tunanyamaza.

"Makaburini ni giza," alisema Mwalimu Zablon. "Hakuna karatasi, hakuna tochi. Atakayesimama na kwaya awe na wimbo kichwani. Jumamosi kabla ya Jumapili ya Mitende nitamsikiliza kila mtu peke yake."

Gerson alimfuata. "Mwalimu, mazoezi ni saa kumi jioni. Mimi saa hizo bado niko Ng'ambo."

"Najua, ndugu yangu. Lakini nikikupendelea wewe, kesho watakuja kumi. Chukua karatasi ya noti, ujifunze. Ukiweza, utasimama na wenzako. Usipoweza, utakaa na waumini wengine. Hakuna ubaya."

Hakuna ubaya! Gerson alikunja ile karatasi, akaitia mfukoni.

Nilidhani anajifunza wakati wa chakula cha mchana. Kumbe!

Alhamisi moja nilikuwa na kikao cha walimu mjini. Nikapanda pikapu na mume wangu. Tulipotoka kijijini nikaona kitu katikati ya usukani. Ni ile karatasi ya noti. Ameibandika kwa selotepu, inamtazama usoni.

"Baba Debora, hii ni nini?"

"Unaona mwenyewe. Nasoma besi yangu."

"Unasoma huku unaendesha?"

"Nachungulia tu. Barabara hii naijua hata nikifumba macho."

Akaanza. Do, mi, so, so, la, so. Anatazama karatasi, anatazama mbele, anatazama karatasi. Gari linakwenda. Mimi nimeshika mlango. Nataka kumwambia aache, lakini moyo mmoja unaniambia, muache aimbe, hujamsikia muda mrefu. Nakiri kosa hilo. Nilipaswa kusema.

Alipofika ubeti wa nne alikosea. Akainama kuangalia vizuri.

"Gerson! Mtu!"

Mbele yetu kulikuwa na baiskeli. Gerson alikata usukani, akakanyaga breki. Pikapu ikayumba, ikaingia mtaroni. Nikasikia chuma kikigonga chuma.

Tuliruka nje. Mwanamume mmoja alikuwa amekaa kwenye nyasi. Baiskeli yake imelala, gurudumu la nyuma limepinda. Tenga lake la uyoga limemwagika barabara nzima. Magoti yake yanatoka damu.

"Nimekufa?" aliuliza.

"Hujafa, mzee wangu," nilisema.

"Basi mwambie mumeo, barabara si ya mama yake."

Gerson alipiga magoti pale pale kwenye tope. Alikuwa analia. Yule mzee alishangaa. Alidhani amemtukana vibaya. Hakujua amegusa wapi.

Jina lake ni Anton. Tuliitoa pikapu mtaroni, tukampeleka zahanati, wakamsafisha majeraha. Namshukuru Mungu, hakuvunjika. Kisha tukaipakia baiskeli yake, tukaenda naye hadi Ng'ambo kutafuta ringi mpya. Kikao changu kilinipita.

Jirani na karakana ya Gerson kuna duka la vipuri vya baiskeli. Mwenye duka ni mama wa Kihindi, jina lake Kherunisa. Mtaa mzima unamwita Mama Jigar, kwa jina la mwanawe mkubwa. Amezaliwa hapo hapo Ng'ambo. Kabla ya duka alifundisha udereva miaka ishirini na miwili. Nusu ya madereva wa mji huu wamewahi kugombezwa naye.

"Shikamoo Mama Jigar," tulisema.

"Marahaba. Mbona mmekuja kama mmetoka msibani? Na hii baiskeli imeliwa na nini?"

Gerson alieleza. Hakuficha kitu. Mwishoni akasema, "Ndiyo hivyo, mama. Ajali haina kinga."

Lo! Mama Jigar aliweka chini koleo lake.

"Usiniletee maneno hayo dukani kwangu. Ajali uliyoitengeneza mwenyewe kwa selotepu ina kinga. Njoo hapa nje."

Tukamfuata hadi ukingo wa barabara. Bodaboda zinapita, mikokoteni inapita, kina mama wa ndizi wanapita.

"Wewe kule ulikuwa mwendo gani?"

"Sitini hivi."

"Kwa mwendo wa sitini, kila sekunde gari linakula zaidi ya mita kumi na sita. Kusoma mstari mmoja wa noti zako kunachukua sekunde ngapi?"

"Labda tatu."

"Tatu. Basi hizo ni mita hamsini. Kutoka hapa hadi kwa yule muuza mkaa. Fumba macho, tembea mpaka kwake."

Gerson alicheka kidogo. Mama Jigar hakucheka. "Fumba, fundi. Si umesema barabara unaijua hata ukifumba macho?" Nadhani nilikuwa nimemsemea hilo.

Gerson akafumba macho. Hatua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Bodaboda ikapiga honi. Ya nne. Akafumbua macho, jasho linamtoka.

"Mbona umefumbua? Hapo unatembea kwa miguu. Ukiwa kwenye gari unakwenda zote hamsini, na umebeba mwalimu wa watoto sabini."

Mzee Anton, aliyekaa kwenye benchi na bandeji zake, alisema, "Muelezee vizuri, mama. Kesho napita pale pale."

Gerson akakaa karibu na Anton. Aliongea taratibu. "Mama Jigar, saa mbili za kila siku ninazitupa njiani. Naichukia ile barabara. Mama yangu alikufa nikiwa juu yake. Nilitaka angalau nizitumie hizo saa kwa ahadi yake. Nitafanyaje? Sina muda mwingine."

Mama Jigar akaja kukaa upande wake wa pili. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mama yangu mimi pia alitangulia, nikiwa namfundisha mtu kurudi nyuma na gari. Pole, mwanangu. Hitaji lako si baya. Njia yake ndiyo mbaya. Sikiliza. Macho yako na mikono yako ni ya barabara, yote, muda wote. Masikio unaweza kuyakopesha kidogo. Una simu inayorekodi sauti?"

"Ninayo."

"Wimbo urekodiwe vipande vipande. Ukiwasha gari, bado hujaondoka, unauweka usikike. Ukishaondoka, simu huigusi tena. Wala kupiga, wala kupokea, wala kuangalia nani amekutumia nini. Sauti iwe ndogo, usikie honi za wenzako. Ukifika penye ng'ombe, penye watoto wa shule, penye mvua au mjini, wimbo si wako tena. Usiusikilize. Ukiona unakuvuta, simama pembeni uuzime."

"Na nikikosea noti?"

"Acha ipite! Mshika mbili moja humponyoka. Tafuta mahali pamoja pazuri pa kusimama katikati ya safari. Pakiwa na nafasi, toa gari lote nje ya barabara. Hapo ndipo pa karatasi. Hapo ndipo pa kupiga simu. Nyoosha miguu, kunywa maji. Dakika kumi."

"Nitachelewa."

"Ondoka dakika ishirini mapema. Wewe unachelewa kwa sababu asubuhi unaianza asubuhi. Ianze jioni. Mbao zipakie jioni. Tairi ziangalie jioni. Kioo kioshe jioni. Ufunguo utundike msumarini. Si wewe fundi? Huna msumari?"

Hapo mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilimpenda mama huyu.

"Na funga mkanda," alimalizia. "Jambo la mwisho, fundi. Moyo ukijaa, simama. Mwenye machozi haoni barabara."

Gerson alinunua ringi na spoki. Mama Jigar aliifunga mwenyewe. Uyoga wa Mzee Anton tuliulipa, na kila Jumamosi tangu hapo tunanunua kwake.

Jioni ile nilimwuliza Gerson nani atamrekodia besi. Mwalimu Zablon alikuwa amesafiri kwenda Lusu kwa dada yake. Waimba besi wengine wanaishi mbali.

"Niimbie wewe," alisema.

"Mimi? Sauti yangu si iko juu?"

"Noti ni zile zile. Mimi nitazishusha."

Basi tukakaa uani, karatasi magotini, simu juu ya kinu. Nikaimba besi kwa sauti yangu ya kwanza. Jogoo akawika katikati. Debora akacheka, na kicheko chake kimo humo kwenye rekodi mpaka leo. Tuliimba mstari mmoja mmoja, kila mstari mara tatu, na nafasi ya kimya ili naye aurudie. Gerson alinitazama vile alivyonitazama zamani. Niliona haya, mtu mzima mimi.

Akapigilia msumari karibu na mlango. Akapakia mbao. Akaosha kioo. Asubuhi alikunywa chai yote. Alifunga mkanda mbele yangu, akawasha sauti, akaondoka polepole. Nilibaki mlangoni nikisikia sauti yangu ikiondoka naye. Miaka mitatu alikuwa akiondoka peke yake.

Siku ya kwanza alirudi akasema, "Nimepata ubeti wa kwanza." Siku ya tatu alisema, "Leo nimeona barabara. Kumbe kule mbele kuna miti ya miyombo, majani yanang'aa kwa mvua." Alikuwa hajawahi kuyaona, miaka yote hiyo. Siku ya tano alinipigia simu saa moja na robo asubuhi. Nikashtuka.

"Uko wapi? Umesimama?"

"Nimesimama pembeni. Gari lote liko nje ya barabara." Akazima wimbo. "Mama Debora, nimefika ubeti wa nne. Nimemkumbuka mama. Sioni vizuri."

"Basi lia, baba. Huna haraka. Umeondoka mapema."

Alilia. Mimi nilikuwa uwanjani pa shule, watoto wanapanga mstari. Nilishika simu sikioni nikimsikiliza. Baadaye akapenga kamasi, akasema, "Haya, naendelea." Saa mbili kasoro dakika tano alinitumia ujumbe kwamba amefika karakana. Pamoja na kulia kote, hakuwa amechelewa.

Jumamosi ya majaribio ilifika. Mwalimu Zablon alikuwa amesharudi. Aliwasikiliza wanaume mmoja mmoja, kanisani, mlango umefungwa. Sisi wanawake tulingoja nje. Gerson aliingia. Nikasikia ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ulipofika wa nne, nilishika mkono wa jirani yangu mpaka akalalamika. Mlango ukafunguliwa.

Mwalimu Zablon alitoka ameinua nyusi. "Mwalimu Recheli, mumeo anavuta pumzi kama mwanamke wa sauti ya kwanza. Nani kamfundisha?"

Nikasema sijui.

Pasaka tuliamka saa kumi alfajiri. Matarumbeta yalikuwa yanalia upande wa kanisani. Tulitembea gizani, watu wengi, hakuna aliyepiga kelele. Makaburini umande ulilowesha miguu yetu. Mchungaji alisema, "Bwana amefufuka!" Tukajibu, "Amefufuka kweli kweli!"

Kwaya ikapangwa. Gerson akasimama nyuma yangu, pale pale pa zamani. Kaburi la mama lilikuwa hatua tano kutoka kwetu. Sikuliona vizuri, niliona weupe wa msalaba tu, ule aliouchonga Gerson mwenyewe.

Tukaanza. "Mliolala, kumekucha." Ubeti wa kwanza ulipita, wa pili, wa tatu. Kisha sisi wengine tukanyamaza.

Besi zikaingia. Walikuwa wanaume saba. Mimi nilimsikia mmoja. Sauti yake haikutetemeka. Ilikwenda polepole, ikishuka pale panaposhuka, ikipumzika pale nilipompa nafasi ya kupumzika. Nilifumba macho. Hapo palikuwa salama kuyafumba.

Wimbo ulipoisha, jua lilikuwa linatokeza nyuma ya miti. Watu walianza kupeana mikono. Gerson alitoka kwenye mstari, akaenda kwenye kaburi, akachutama. Akaweka kiganja juu ya udongo uliolowa, akamwamkia kwa Kinyamwezi, vile alivyomwamkia kila asubuhi alipokuwa hai.

"Mwangaluka, mayu."

Alingoja kidogo, kama mtu anayengoja kuitikiwa. Kisha akasema, "Leo nimewahi."